Gari Likipiga Simu, Nani Apokee?

Swali ninaloliweka mezani ni rahisi kulitamka. Gari likiacha njia usiku kati ya Ruangwa na Mbekenyera, dereva akawa amezimia na hakuna nyumba karibu, nani atajua, na akijua atafanya nini?

Ulaya walilijibu kwa sheria. Tangu 31 Machi 2018, aina yoyote mpya ya gari dogo la abiria au la mizigo midogo haiidhinishwi katika nchi za Umoja wa Ulaya bila kuwa na mfumo wa eCall, unaopiga simu wenyewe kwenye namba 112 gari likipata ajali kubwa. Hawakuwa wa kwanza. General Motors ya Marekani ilianza huduma ya OnStar mwaka 1996, Wajapani wakaja na HELPNET mwaka 2000, na Warusi wana mfumo wao wa kitaifa, ERA-GLONASS. Kwa hiyo ni jambo la karibu miaka 30, na baadhi ya magari yenye vifaa hivyo tayari yanashushwa bandari ya Dar es Salaam yakiwa yametumika kwanza Japani.

Mbekenyera ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea miaka ya 1990. Watu wanalima korosho, ufuta na mbaazi. Msimu wa minada ya RUNALI, chama chao cha ushirika, ukifunguka, malori ya magunia yanagawana barabara na Noah za abiria, bodaboda, baiskeli na watoto wanaotoka shule. Vumbi la kiangazi linafunga macho, na matope ya masika yanageuza kona kuwa mtego.

Mjadala huu nimeupanga kwa sauti nne: fundi magari, dereva wa Noah, muuguzi na kijana wa bodaboda. Sikuwapa majina, kwa kuwa wanayoyasema si ya mtu mmoja. Husemwa gereji, stendi na wodini. Fundi ni mpwa wa dereva. Kwa Wamwera wa huku mjomba ni mtu mzito, hakatizwi ovyo. Lakini gari ni taaluma ya mpwa, na mjomba anaheshimu hilo.

FUNDI: Shikamoo mjomba. Nimefungua paa la gari moja la Kijapani, nikakuta pale penye taa ya ndani kitufe kimeandikwa SOS. Kimewekewa kifuniko cha plastiki ili mtu asikibonyeze kwa bahati mbaya. Nyuma yake kuna waya safi kabisa na maikrofoni ndogo kama punje ya ufuta. Mwenye gari hajui ni cha nini.

DEREVA: Marahaba. Cha nini kwani?

FUNDI: Cha kuomba msaada. Kule Japani ukikibonyeza, au mifuko ya hewa ikifyatuka, simu inakwenda kituo cha HELPNET, nao wanawaita zimamoto na polisi. Hapa kwetu laini iliyomo ndani ni ya mtandao wa Japani, na mkataba wake ulikwisha mwenye gari alipoliuza. Bonyeza mpaka kidole kiume, hakuna atakayeitika.

DEREVA: Basi ni pambo.

FUNDI: Hapa ni pambo. Lakini ngoja nikueleze kinavyofanya kazi, ndipo uone tunachokikosa. Katikati ya gari, chini karibu na gia, huwa kuna kompyuta ya mifuko ya hewa. Ndani yake mna sensa inayopima jinsi kasi inavyopungua. Ukikanyaga breki kwa nguvu zote, gari linachukua sekunde kadhaa kusimama. Ukigonga mti, kasi yote inaisha ndani ya sehemu kama ya kumi ya sekunde moja. Kompyuta inaijua tofauti hiyo. Ikishaamua kwamba hii ni ajali, inafyatua mifuko ya hewa, na papo hapo inapeleka ishara kwa kisanduku kingine, cha mawasiliano. Hicho kina laini yake, antena, GPS, spika, na betri yake ndogo, maana betri kubwa ya mbele huenda imeshapasuka. Kule Ulaya kinapiga 112.

DEREVA: Na mimi nimezimia.

FUNDI: Wewe umezimia. Simu ikipokelewa, kabla mtu hajasema neno, kisanduku kinatuma furushi dogo la taarifa, lisilozidi baiti 140. Ni fupi kuliko ujumbe wako wa kumwambia shangazi mzigo umefika. Mle mna saa ya ajali, mahali, upande gari lilikokuwa linaelekea, namba ya chasisi, na aina ya nishati: petroli, dizeli, gesi au umeme. Linasema pia kama mfumo umeita wenyewe au kuna mtu amebonyeza kitufe, na linaweza kutaja mikanda mingapi ilikuwa imefungwa. Baada ya hapo njia ya sauti inafunguka, na mpokeaji anauliza kama mnamsikia. Kimya nacho ni jibu. Gari la wagonjwa linatumwa.

DEREVA: Mpwa wangu, huku kuna mahali intaneti haishiki kabisa.

FUNDI: Haihitaji intaneti, na hapo ndipo mimi huwaheshimu waliouunda. Zile taarifa zinageuzwa milio na kupitishwa ndani ya simu ya kawaida ya sauti, ile ile anayopiga bibi kwa kitochi. Na simu ya dharura inaweza kudandia mnara wowote ulio karibu, hata usio wa kampuni yako. Umeshaona simu yako ikiandika kwamba inaruhusu simu za dharura pekee? Maana yake ni hiyo.

Hapa naongeza neno, kwa sababu fundi amegusa jambo ambalo wenzetu wenyewe limewasumbua. Mifumo hii ilijengwa juu ya mitandao ya zamani, 2G na 3G. Kampuni za simu za Marekani zilipozima 3G mwaka 2022, magari mengi ambayo bado yalikuwa barabarani yalipoteza uwezo wa kuita msaada, na wenye magari hawakuwa wamekosea chochote. Ulaya nayo imelazimika kutunga kanuni mpya ili kuanzia mwaka 2026 aina mpya za magari ziite kwa 4G. Kwetu hali ni tofauti. Kitochi bado kinatawala vijijini, hivyo 2G haitazimwa leo wala kesho. Mwaka 2023 Serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 ya simu vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kwa upande wa mawimbi, basi, hoja ya fundi ina miguu.

DEREVA: Nimekusikia, na sina ubishi na chombo. Ubishi wangu uko upande wa pili wa simu. Chombo kimeita, kimesema nipo wapi kwa namba za GPS. Nani anazisoma hizo namba? Akizisoma atatuma nini, na chombo atakachokituma kina mafuta? Mimi nimeendesha barabara hizi miaka mingi. Sijawahi kuona majeruhi aliyekufa kwa kuwa watu hawakujua. Watu wanajua. Kishindo kikisikika, kijiji kizima kinatoka. Majeruhi anakufa watu wamemzunguka, wanatafutana nani ana gari na nani atatoa hela ya mafuta.

FUNDI: Mjomba, hiyo ni ajali ya mchana karibu na kijiji. Ya saa nane usiku porini je?

DEREVA: Hata ya usiku, lori la korosho litapita. Ajali haina kinga, mpwa wangu.

MUUGUZI: Samahani baba, hapo lazima niingie. Ajali haina kinga, sawa. Kifo baada ya ajali kinayo. Anayevuja damu pajani ana dakika chache. Mwenye mbavu zilizotoboa pafu ana muda mrefu kidogo. Aliyepigwa kichwani anaweza kuzungumza na wewe vizuri, akaomba maji, halafu baada ya saa mbili hazungumzi tena. Kwa hawa wote, tofauti kati ya lori kupita saa kumi na msaada kuitwa saa nane ni uhai.

DEREVA: Kwa hiyo uko upande wa fundi.

MUUGUZI: Niko upande wa mgonjwa. Ninyi wawili mnagombania kipande kimoja cha safari. Sisi wa uzazi tulifundishwa kwamba mama anauawa na machelewo matatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Chombo cha fundi kinatibu chelewo la kwanza tu. Kinalitibu vizuri, nakubali. Huko Ulaya walikadiria kwamba muda wa msaada kufika ungepungua kwa asilimia 40 mjini na 50 vijijini. Lakini kule gari la wagonjwa lipo, limejaa mafuta, dereva amekaa tayari. Asilimia 50 ya kusubiri kitu ambacho hakiji ni ngapi?

Swali hilo halikujibiwa, na mimi naliona ndilo kitovu cha mjadala mzima. Fundi alikaa kimya kidogo, kisha akaja na hoja nyingine.

FUNDI: Lakini dada, hata mfumo wa Kijapani haukuishia kwenye simu. Tangu 2015 walianza kuziunganisha taarifa za ajali na helikopta za madaktari. Gari linasema limegongwa upande gani na kwa nguvu kiasi gani, mkanda ulifungwa au haukufungwa, na kompyuta inakadiria uwezekano wa mtu kuwa ameumia vibaya. Daktari anaondoka kabla hata mtu hajafika eneo la tukio.

MUUGUZI: Nimefurahi kusikia. Sasa nikuambie ya kwetu, maana tunayo na wengi hamjaiunganisha na mazungumzo haya. Mama mjamzito akianza kutokwa damu kwenye zahanati ya kijiji, mhudumu anapiga 115. Ni bure. Simu inapokelewa kwenye kituo cha uratibu, na anayepokea anajua afya. Anauliza maswali yaliyopangwa: hali ya mama, mahali alipo, anahitaji huduma ya ngazi gani. Mfumo unamwonyesha gari la wagonjwa lililo karibu. Kama halipo au liko kazini, anampigia dereva wa kawaida wa jamii aliyejiandikisha, mwenye gari lake binafsi. Dereva anambeba mama, anamfikisha, hospitali inathibitisha amefika, na malipo yanaingia kwenye simu ya dereva. Huo ndio m-mama. Ulijaribiwa Kanda ya Ziwa, ukazinduliwa kitaifa mwaka 2022.

DEREVA: Anayelipwa ni dereva wa kawaida? Bila familia kuchangishana?

MUUGUZI: Wa kawaida kama wewe, na familia haichangii hata shilingi ya mafuta. Sasa jiulize: mama anayevuja damu kwa uzazi na kijana anayevuja damu kwa ajali, damu yao ina tofauti gani? Kwa nini mmoja ana namba ya kupiga na gari linalolipwa, na mwingine anaachiwa huruma ya wapita njia?

BODABODA: Mimi mnaniruhusu? Maana nawasikiliza, na naona katika mjadala wote huu mimi simo.

MUUGUZI: Karibu mdogo wangu.

BODABODA: Nina Boxer. Boxer haina mifuko ya hewa wala kompyuta karibu na gia, na paa la kubandika kitufe haina. Nikianguka mimi, kinachoita ni mdomo wangu, kama bado unafunguka. Na katika barabara hizi nani anaanguka zaidi, Noah au sisi? Mkileta sheria ya magari kujipigia simu, mtakuwa mmewakinga wenye magari peke yao.

FUNDI: Kuna simu za mkononi zinazofanya kazi hiyo. Google waliweka kwenye Pixel 4 mwaka 2019, Apple wakaweka kwenye iPhone 14 mwaka 2022. Simu inasoma mtikisiko, mabadiliko ya kasi, hata kishindo kwenye maikrofoni. Ikidhani umepata ajali inakuuliza, inakupa sekunde chache za kuizima, usipojibu inapiga.

BODABODA: Kaka, iPhone 14 unaijua bei yake? Ni pikipiki nzima. Mimi natembea na kitochi ili nikiporwa nisilie.

FUNDI: Bei itashuka. Ila nikiri, hata hizo zilikuwa na kasoro. Msimu wa kwanza zilipotoka, zilikuwa zinaita polisi mtu akipanda vigari vya kasi vya kwenye viwanja vya burudani, na huko Colorado zikawa zinawaita waokoaji kwa watu wanaoteleza kwenye theluji na kucheka.

BODABODA: Na barabara zetu zilivyo na mashimo, ya kwangu ingeita kila nikifika korongoni. Lakini nina neno jingine, na hili ndilo linaloniuma. Ninyi mnasema taarifa na gari la wagonjwa. Aliyebeba majeruhi mpaka leo ni nani? Ni mimi. Tunampakia katikati, mwenzangu anamshikilia kwa nyuma, miguu inaburuzika, tunakwenda. Nikifika naulizwa: wewe ndiye uliyemgonga? Naachwa kwenye benchi nusu siku, nasubiri maelezo, abiria wangu wote wamekwenda kwa mwingine. Kesho yake nikikuta mtu kalala barabarani, unadhani sitafikiria mara mbili?

DEREVA: Hilo ni la kweli. Wengi tunapita kwa hofu hiyo hiyo.

MUUGUZI: La kweli, na linatutia aibu. Mgonjwa wa dharura anahudumiwa kwanza, fomu ya polisi, PF3, inafuata baadaye; aliyemleta hapaswi kushikiliwa kama mtuhumiwa kwa sababu tu ametenda wema. Lakini mdogo wangu, na mimi nikuambie jambo bila kukuficha. Huyo mnayempakia katikati, kama uti wa mgongo umepasuka, kila shimo mnalopita linaweza kuukata mshipa wa fahamu. Anatoka nyumbani mzima wa miguu, anafika kwetu hawezi kuitembeza tena. Msimvute mikono. Msimpe maji. Kama hakuna moto wala hatari ya gari jingine, mwacheni alipo, mshikeni kichwa kisigeuke, na damu inapotoka kandamizeni kwa khanga iliyokunjwa, bila kufunua funua kuangalia kama imekata. Hayo mtu anajifunza kwa asubuhi moja.

BODABODA: Hakuna aliyewahi kutufundisha.

Maneno hayo yananikaa rohoni. Tunazungumzia kompyuta ndani ya gari, na watu wanaofika kwanza hawajawahi kuonyeshwa namna ya kukandamiza damu. Na wanaofika kwanza, nchi hii, karibu siku zote ni wananchi. Tarehe 6 Mei 2017 basi dogo la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent lilipotumbukia bondeni Rhotia, Karatu, waliowatoa watoto watatu walionusurika walikuwa wasafiri waliokuwa wakipita njia hiyo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua Bukoba, wavuvi walifika kwa mitumbwi na makasia kabla ya vyombo vya uokoaji kujipanga. Watu 43 walikuwa ndani, 19 wakafariki. Ndege ni chombo kinachofuatiliwa, uwanja ulikuwa unaonekana kwa macho, kila mtu alijua imeanguka wapi. Taarifa haikukosekana siku ile. Kilichokosekana ni boti na kamba zilizo tayari, na watu waliofunzwa kuzitumia.

Na kuna Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakalikimbilia kuchota petroli, likalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Nimelitaja kwa sababu lile furushi la baiti 140 lina nafasi ya kutaja aina ya nishati ya gari, na kwa malori ya mizigo Ulaya wamepanga lieleze pia kama kuna shehena ya hatari. Mpokeaji anayejua ni lori la petroli hatumi gari la wagonjwa peke yake. Anatuma zimamoto na polisi wa kuwazuia watu wasisogee. Taarifa iliyo kamili huokoa hata wasiokuwamo garini.

FUNDI: Nashukuru umesema hilo, maana nilikuwa naonekana kama muuza vifaa. Mimi nasema hivi: muuguzi ana haki, lakini msije mkautupa mfumo wangu kwa kuwa hospitali haijawa tayari. Na mnasahau kwamba nusu yake tunayo. Mabasi ya abiria yana kile kifaa cha kuyafuatilia, VTS, cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kinatuma kasi na mahali basi lilipo, na dereva anagusisha kitufe chake ili ijulikane ni nani yuko kwenye usukani. Basi likizidi kilomita 80 kwa saa linaonekana. Sasa basi lililokuwa linakwenda kilomita 75 likisimama ghafla, likatulia porini saa nane usiku, kwa nini asiwepo mtu wa kupiga simu mara moja kwa dereva, asipopokelewa apige polisi wa wilaya husika? Hapo hatununui kitu. Tunaongeza macho tu.

DEREVA: Hicho VTS kinatuandama kila hatua. Na hilo la kwako je, litakuwa linampelekea tajiri habari kwamba nimesimama kununua mihogo?

FUNDI: Hapana. eCall kwa sheria imelala. Haifuatiliwi, haijiungi na mtandao mpaka ajali itokee, na inaweka kumbukumbu ya sehemu chache za mwisho tu ili ijulikane gari lilikuwa linaelekea wapi. Ni tofauti na VTS inayokesha. Lakini mjomba, kuna jambo nilitaka kukuambia tukiwa wawili, ngoja niliseme hapa hapa. Ile taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi yako, uliniambia niizime.

DEREVA: Ilikuwa inanisumbua macho.

FUNDI: Niliizima. Gari lilikuwa limeshagongwa huko lilikotoka, mifuko ilishafyatuka, nami nikaweka kikinza kidogo cha umeme kwenye soketi ili kompyuta idhani mfuko upo. Usukani umeshonwa vizuri, ukiutazama hujui. Lakini ndani ni mtupu. Magari ya namna hiyo yako mengi. Hata tukiletewa kisanduku cha mawasiliano leo, kwenye gari la namna hiyo huenda kisiamke, kwa sababu anayekiamsha ni ile kompyuta tuliyoidanganya.

MUUGUZI: Na abiria wako anakaa mbele akidhani amekingwa.

DEREVA: Nimeelewa. Likitulia soko la ufuta, tutalifungua.

FUNDI: Lifunguliwe kabla ya msimu, mjomba, barabara ikiwa bado na nafasi.

Nimewaacha waseme mpaka mwisho. Sasa niseme upande ninaousimamia.

Namuunga mkono muuguzi, na sababu yangu imo ndani ya sheria za hao hao waliotengeneza eCall. Kabla ya kuyalazimisha magari yapige simu kuanzia Machi 2018, Umoja wa Ulaya ulizitaka nchi zote wanachama ziwe zimekamilisha vituo vya kupokea simu hizo ifikapo 1 Oktoba 2017. Mpokeaji alitangulia, gari likafuata miezi sita baadaye. Mara nyingi tunaponunua teknolojia ya wengine tunachukua kifaa kinachoonekana na kuuacha mpangilio usioonekana, halafu tunashangaa kifaa hakifanyi kazi.

Lakini dereva naye hayuko sahihi anaposema kwamba watu hujua siku zote. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka, na asilimia 92 ni katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Ndani ya hesabu hiyo kuna waliolala mtaroni mpaka asubuhi kwa kuwa hakuna aliyewaona. Kwa hao kisanduku cha fundi si anasa. LATRA inaweza kuanza na mabasi, kwa sababu kifaa kimeshafungwa na taarifa zinatoka. Magari yanayoingia kutoka nje yakaguliwe mifuko ya hewa kwa kufunguliwa, si kwa kutazama taa kwenye dashibodi.

Kinachoweza kuanza mapema kuliko vyote ni kile cha bodaboda na muuguzi. Uti wa mgongo wa m-mama umeshasimama: vituo vya uratibu, madereva wa jamii na malipo ya simu. Kuupanua ubebe na majeruhi wa ajali kunahitaji bajeti, wapokeaji zaidi na makubaliano na Jeshi la Polisi kwamba anayeleta majeruhi anaandikwa jina na kuachwa aende kazini kwake. Wizara ya Afya na TAMISEMI ndizo zenye ufunguo. Nawaomba waanze na wilaya moja ya vijijini, yenye barabara ya vumbi, malori ya msimu na bodaboda nyingi, waone gharama na matokeo. Ruangwa inafaa. Na wakati bajeti inasubiriwa, Halmashauri ya Ruangwa haihitaji kibali cha mtu yeyote kuwaita bodaboda na madereva wa Noah wa Mbekenyera asubuhi moja, muuguzi akasimama mbele yao na khanga mkononi.